Alama ya Bidhaa na Alama ya Huduma: Maana Zake na Majina Yake

Katika matangazo ya serikali, katika mikataba na katika magazeti ya Afrika ya Mashariki hutumika siku hizi maneno mawili yaendayo pamoja kama mapacha, nayo ni "alama ya biashara" na "alama ya huduma". Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1986 yazitaja alama zote mbili katika jina lake, na ofisi ya usajili, ijulikanayo kwa jina la BRELA, hutumia maneno hayo hayo. Hata hivyo, mtu akiuliza tofauti ya alama hizi mbili ni nini, aghalabu hujibiwa kwamba moja ni ya wafanyabiashara na nyingine ni ya watoa huduma. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwenye basi, mwenye hoteli na mwenye benki nao ni wafanyabiashara. Kosa si la mwulizaji wala la mjibuji; ni la istilahi yenyewe.

Katika makala hii nakusudia kueleza kwanza alama hizi ni nini na zatofautiana wapi. Pili, kuonyesha mipaka ya haki ya mwenye alama juu ya neno la Kiswahili, jambo ambalo limewatia wengi wetu wasiwasi. Na mwisho, kupendekeza marekebisho madogo ya istilahi.

Alama na kazi yake

Kazi ya alama ni kumjulisha mnunuzi mali aionayo imetoka kwa nani. Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mtu akiikunjua kanga ataona pindo na mji; ataona jina la kanga, yaani methali au fumbo lililopigwa chapa kwa herufi kubwa; tena, akitazama vizuri, ataona maneno mengine kwa herufi ndogo, ambayo ni alama ya mwenye kanga. Maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla" yajulikana sana, na wapo wanawake wasiolipa mpaka wameyaona.

Hapa pana funzo kubwa. Jina la kanga ni la watu wote: yeyote aweza kulisema, kulijibu, au kulitia katika shairi lake. Maneno madogo nayo hayana siri yoyote katika lugha. "Mali" ni neno la kila siku, na Abdulla ni jina la maelfu ya watu. Yamepata nguvu kwa kuwa yamezoeleka kufuatana na kanga za nyumba moja ya biashara. Mwenye alama hamzuii mtu kuitwa Abdulla wala kusema "mali ya Abdulla". Amzuia mfanyabiashara mwingine asiyatie maneno hayo katika kanga zake ili mnunuzi adhani kuwa zimetoka katika nyumba ile.

Lugha yetu imekuwa na majina ya jambo hili tangu zamani. Kamusi za kale zina neno "rajamu", lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya alama ya mali ya biashara. Neno "chapa", lililotujia kutoka Bara Hindi, lina maana ya kupiga mhuri, ya kuchapisha kitabu, na ya alama itiwayo kwa moto katika ngozi ya ng'ombe. "Nembo" ilikuwa kwanza chale au pambo la mwilini, kisha ikawa picha ya kutambulisha taifa, chama au kampuni. Majina yote matatu yana jambo moja la kushirikiana: kila moja lataka kitu cha kushikika ili alama ipate pa kukaa.

Bidhaa ina mwili, huduma haina

Hapo ndipo tofauti ya alama zetu mbili inapoanza. Bidhaa ina mwili. Mfuko wa kahawa, mche wa sabuni au doti ya kanga yaweza kubeba alama yake kutoka kiwandani mpaka nyumbani kwa mnunuzi. Huduma haina mwili. Kunyolewa, kusafirishwa, kutunziwa fedha au kulazwa hotelini ni matendo, na tendo halipigwi mhuri. Kwa hiyo alama ya huduma hukaa karibu na tendo: juu ya mlango wa duka, katika tikiti, katika sare ya mtumishi, katika tangazo la redio, au katika stakabadhi.

Tutazame mfano wa basi liendalo kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mbele pana jina la kiwanda kilichounda gari, mathalan Scania. Ubavuni, kwa rangi na herufi kubwa, pana jina la kampuni ya usafirishaji. Jina la kwanza ni alama ya bidhaa. Lasema chombo hiki kimeundwa na nani. Jina la pili ni alama ya huduma. Lasema ni nani aliyeahidi kukufikisha. Abiria hakununua basi, amenunua safari. Siku kampuni itakapoliuza gari lile, mnunuzi atafuta jina la ubavuni na kupaka lake, lakini jina la mbele litabaki pale pale. Chombo kimeuzwa, na alama ya chombo imekwenda pamoja nacho. Huduma haikuuzwa, na alama yake imebaki kwa mwenyewe.

Kutokana na tofauti hii ya asili hutokea tofauti mbili za sheria.

Ya kwanza ni namna ya kuthibitisha kwamba alama inatumika. Katika sheria ya Marekani, aombaye kusajili alama ya bidhaa hana budi kuonyesha alama hiyo ikiwa juu ya bidhaa yenyewe, au juu ya chombo chake, au juu ya kibandiko chake, au mahali bidhaa inapopangwa kwa kuuzwa. Tangazo tupu la gazeti halitoshi. Mwenye huduma aweza kutumia tangazo kuwa ushahidi wake, maadamu huduma inayotangazwa inatolewa kweli. Huko Marekani hata vifupisho viandikwavyo kabla ya usajili ni viwili: herufi TM kwa bidhaa na herufi SM kwa huduma. Baada ya usajili zote mbili hutumia herufi R ndani ya duara.

Ya pili ni mafungu. Mapatano yaliyofanywa Nice, Ufaransa, mwaka 1957, ambayo Tanzania imejiunga nayo, yamegawanya bidhaa na huduma zote katika mafungu. Tangu mwaka 2002 mafungu hayo ni 45: la 1 hadi la 34 ni ya bidhaa, na la 35 hadi la 45 ni ya huduma. Nguo zimo katika fungu la 25, chai na kahawa katika la 30, mambo ya fedha katika la 36, usafirishaji katika la 39, na kulisha na kulaza wageni katika la 43. Mtu wa Moshi akaangaye kahawa na kuiuza katika mifuko ataomba alama yake katika fungu la 30. Akifungua mgahawa wa jina lile lile, ambamo watu huketi na kunywa, ameingia katika kazi nyingine, na fungu lake ni la 43. Akilisahau la pili, aweza siku moja kukuta mgahawa wa mtu mwingine umesajiliwa kwa jina lake, naye akalazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba wateja watadanganyika kwa kuwa kahawa na mgahawa ni mambo yaliyo karibu. Huenda akashinda, lakini kinga ya mapema ina gharama ndogo kuliko shauri.

Katika nguvu ya haki yenyewe alama hizi hazipitani. Tanzania Bara, usajili wa kwanza, uwe wa bidhaa au wa huduma, hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Adhanie kwamba alama ya huduma ni ndogo kuliko ile ya bidhaa amekosea. Kadhalika amekosea adhanie kwamba kusajili jina la biashara ni sawa na kusajili alama. Daftari la majina ya biashara lasema ni nani afanyaye kazi kwa jina fulani. Halimpi haki ya kuwazuia wengine kama alama iliyosajiliwa inavyompa. Wala usajili wa Dar es Salaam haufiki Unguja na Pemba, kwa maana Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na daftari lake.

Kwa nini huduma zilichelewa

Uingereza ilitunga sheria ya kusajili alama mwaka 1875, na pembetatu nyekundu ya kampuni ya pombe ya Bass ikawa alama ya kwanza katika daftari, tarehe 1 Januari 1876. Lakini daftari hilo lilikuwa la bidhaa tu. Ugumu wa mpaka huu ulionekana wazi katika shauri la Aristoc na Rysta, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1945. Kampuni ya Rysta ilikuwa ikitengeneza soksi ndefu za wanawake zilizofumuka, ikataka jina lake lisajiliwe kwa soksi. Kampuni ya Aristoc, ambayo iliunda soksi, ikapinga. Mahakama ya juu ikaamua kwamba atengenezaye soksi ya mtu mwingine hakuwa chanzo cha soksi ile, na kwa hiyo jina lake halikuwa alama ya bidhaa kwa maana ya sheria ya wakati huo. Kazi yake ilikuwa huduma, na huduma haikuwa na daftari.

Shauri hilo lina faida ya pili kwa watu wa lugha. Mabishano mengine yalikuwa juu ya sauti: je, Aristoc na Rysta hufanana masikioni mwa mnunuzi asiyetamka kwa makini? Majina hayo huandikwa mbali mbali, lakini irabu ya kwanza ikimezwa hukaribiana. Nasi tuna jambo la kufikiri hapa. Katika nchi ambamo wasemaji wengi hubadilishana "r" na "l", na "th" na "s", msajili aamuaye kwa macho tu ataruhusu majina mawili ambayo sokoni ni jina moja. Hapo ujuzi wa fonetiki wafaa kuliko kanuni nyingi.

Marekani ilitangulia kuzipa huduma daftari, kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1946 na kuanza kazi mwaka 1947. Mwaka 1958, huko Lisbon, nchi za Mapatano ya Paris zilikubali kuzilinda alama za huduma, lakini hazikulazimishwa kuzisajili. Sheria ya Kenya, iliyoanza tarehe 1 Januari 1957 kwa kufuata mfano wa Kiingereza, ilizihusu bidhaa, na huduma ziliongezwa baadaye. Uingereza yenyewe haikuanza kusajili alama za huduma mpaka Oktoba 1986, mwaka ule ule wa sheria ya Tanzania. Mapatano ya biashara ya dunia ya mwaka 1994 ndiyo yaliyoweka bidhaa na huduma katika mizani moja, hata kwa alama mashuhuri, ambazo kabla ya hapo zililindwa na Mapatano ya Paris kwa bidhaa peke yake.

Neno ni la nani?

Sasa tuje katika wasiwasi wetu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney, ilipotoa filamu yake ya The Lion King, iliomba Marekani kusajili maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana, na usajili ulikamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 habari hizo zilienea, na maelfu ya watu wakatia sahihi malalamiko kwamba lugha yetu imeibiwa. Hasira hiyo yaeleweka. Maneno haya yalikuwa vinywani mwa watu kabla ya filamu. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyatia katika wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, nayo hayakuwa mageni hata wakati huo.

Lakini tuitumie elimu ya kanga. Usajili ule haumzuii mtu kusema, kuandika wala kuimba "hakuna matata". Ni usajili wa bidhaa, katika fungu la nguo, na katika nchi moja. Haukuwa wa huduma ya kuongoza watalii Arusha, wala haumfikii fundi wa Lamu achapaye fulana zake kwa soko la Lamu. Aliye na sababu ya kulalamika ni yule atakaye kuuza Marekani fulana zenye maneno hayo, na hoja yake si ya wizi wa lugha. Hoja yake ni kwamba msemo wa kawaida unaoandikwa kifuani kwa pambo, kama jina la kanga liandikwavyo, haumjulishi mnunuzi nguo imetoka kwa nani. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu yagusa kazi yenyewe ya alama. Kilio cha jumla kwamba "wametuibia lugha" hakina mlango wa kuingilia mahakamani.

Habari ya kikoi ni tofauti, nayo yafundisha zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini mwake neno "kikoy". Watetezi wa wafumaji wa Kenya walipinga, na mwishowe ombi likaachwa. Kikoi ni jina la aina ya nguo. Mtu mmoja akimiliki neno hilo kwa nguo, wauzaji wengine wote watakosa neno la kuitajia mali yao. Hapa ushahidi wa lugha ni ushahidi wa kesi: kamusi, barua za kale na kauli za wasemaji zathibitisha kwamba neno hutaja kitu, halimtaji mwenye kitu. Hata hivyo neno lile lile lingeweza kuwa alama njema ya huduma ya mashua, kwa kuwa mashua si nguo na msemaji hahitaji neno "kikoi" ili ataje usafiri wa baharini. Kwa kanuni hiyo hiyo "Maji" haifai kuwa alama ya maji ya chupa, lakini yaweza kuwa alama ya viatu. Sheria ya Marekani ina desturi ya kulifasiri neno la kigeni kabla ya kulipima, ili mtu asijifiche nyuma ya lugha ambayo msajili haijui. Desturi hiyo yategemea kamusi zetu. Neno lisiloandikwa popote ni vigumu kulitetea mbali na kwao.

Jina likitoka mikononi mwa mwenyewe

Hatari nyingine humkabili mwenye alama. Jina likipendwa mno na wasemaji, laweza kuwa jina la kitu chenyewe. Pwani yetu iliona jambo hili katika karne ya 19. Kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja kutoka viwanda vya Marekani kiliitwa "amerikani" au "merikani", na jina hilo likabaki kwa kitambaa cha namna ile hata kilipofumwa Uingereza na Bara Hindi. Jina la chanzo lilikuwa jina la aina. Huko Uingereza, mwaka 1910, mahakama ilikataa kumpa mtu mmoja neno ambalo sisi twaliandika "gramafoni", kwa kuwa lilikwisha kuwa jina la chombo.

Siku hizi mfano mzuri wa Kiswahili ni "bajaji". Bajaj ni kiwanda cha India. Tanzania neno hilo limepata irabu ya mwisho, likaingia katika ngeli, likawa jina la gari la miguu mitatu la kiwanda chochote. Mtu husema bila kusita, "ile bajaji ya TVS". Tena halikukoma katika chombo. Asemaye "nitakwenda kwa bajaji" ataja usafiri, na kwa hiyo jina la bidhaa limevuka likawa jina la aina ya huduma. Kinyume chake ni M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007. Hiyo ilikuwa alama ya huduma tangu mwanzo, na imeundwa kwa herufi moja mbele ya neno la watu wote. Neno "pesa" halina mwenyewe na haliwezi kuwa naye. Ulinzi ni wa mwungano wake. Washindani nao wameunda majina yao kwa neno lile lile bila ya kosa.

Mwenye alama afanye nini? Na alitumie jina lake pamoja na jina la kitu: aseme "pikipiki za Bajaj", wala asiseme "bajaji" tupu katika matangazo yake. Mwenye huduma ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa huduma mpya mara nyingi haina jina la kawaida katika lugha. Pasipo jina la kawaida, watu hushika jina la mwenyewe. Kwa hiyo mwanzilishi wa huduma ngeni hana budi kutoa majina mawili siku moja: moja la huduma, awaachie watu, na moja lake, alishike.

Pendekezo la istilahi

Yote niliyoeleza yaonyesha kwamba "alama ya biashara" na "alama ya huduma" si mapacha wa kweli. "Biashara" yakusanya kuuza vitu na kuuza kazi. "Huduma" ni sehemu mojawapo ya biashara. Kuyaweka maneno haya sambamba ni kama kusema "miti na minazi". Napendekeza kwamba "alama ya biashara" iwe istilahi ya jumla, na chini yake ziwepo mbili zilizo sawa: "alama ya bidhaa" na "alama ya huduma".

Aweza mtu kusema kwamba sheria imekwisha kutumia maneno mengine. Najibu kwamba pendekezo hili haliondoi neno hata moja la sheria, lapanga maana. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1994, ilifuata njia hiyo: istilahi ya biashara sasa ndiyo ya jumla, nayo yabeba bidhaa na huduma. Mwingine aweza kuhofu kwamba "alama ya bidhaa" itachanganywa na alama itolewayo na Shirika la Viwango. Hiyo ina jina lake, "alama ya ubora", nayo hushuhudia kwamba mali imefikia kipimo. Haimtaji mwenye mali. Ama "rajamu", nisingependa kuifufua, kwa kuwa istilahi ya ofisi yataka neno ambalo mkulima wa kahawa atalielewa mara ya kwanza alisikiapo dirishani.

Huyo ndiye tunayemwandikia. Akiambiwa kwamba ana haki ya kusajili "alama ya biashara au ya huduma", ataona neno "biashara", atajiona ni mfanyabiashara, atajaza sehemu moja na kwenda zake. Akiambiwa "alama ya bidhaa au ya huduma", atasimama kidogo na kujiuliza kama yeye huuza kahawa, au huinywesha, au hufanya yote mawili. Katika kusimama huko kidogo jina lake laweza kuokoka.